Kabari Isiyowekwa Chini ya Gurudumu

Jumapili, Septemba 7. Glendive, Montana.

Leo nimekabidhiwa kabari. Wendell Pooler kaileta akiwa amechelewa saa mbili na dakika arobaini, akasingizia upepo. Upepo ulikuwa unamsukuma kwa nyuma.

Naandika mambo yalivyo, maana mwaka huu sitaki mtu aje kunisimulia nilichofanya. Sisi wenye nyumba za mgongoni, yaani watu tunaopakia nyumba nzima juu ya pikapu, na jiko, na kitanda, na choo, tukaishi humo miezi, tuna chama chetu. Chama kina kabari, ile ya kuzuia gurudumu lisibingirike. Ni kipande cha mwaloni, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, kilichochongwa na marehemu Harlan Stroud, mwanzilishi. Kila mwaka wa tatu inaondoka pwani ya Maine na kupokezanwa mkono kwa mkono hadi pwani ya Oregon. Haitumwi kwa posta. Haiachwi mezani. Haiwekwi kamwe chini ya gurudumu, ingawa Harlan mwenyewe aliiweka chini ya gurudumu miaka kumi na tisa. Kila mbebaji anachoma jina lake ubavuni kwa chuma cha moto, kisha anaandika uzito wa gari lake kwenye daftari linalosafiri na kabari.

Hilo la uzito nililileta mimi, na ndilo lililonitoa kwenye kamati. Kwenye mkutano wa miaka minne iliyopita nilipima magari 31 nikayasoma matokeo kwa kipaza sauti. 24 yalikuwa yamezidi uzito unaoruhusiwa. Orval Tveit, dereva mstaafu wa basi la shule, alisimama akasema, "Jamani, tumekuja kula nyama au tumeletwa kupimwa kama ng'ombe?" Wakacheka hadi wakapiga meza. Tangu siku hiyo mimi ni Bibi Mizani.

Miaka 31 nimekata mabati na kukunja mabomba ya hewa, katika karakana niliyoianza na mkasi mmoja. Nyumba yangu ya mgongoni niliijenga peke yangu ghalani. Hakuna ribiti ndani yake isiyopigwa na mkono huu. Na bado kamati imenipa kipande cha tambarare, ambacho hata mbuzi angekimaliza akiwa amelala. Nitakayemkabidhi ni nani? Orval Tveit. Tarehe 20, kambi ya Lolo, chini ya mlima. Yeye na mkewe ndio watakaovuka.

Jumanne, Septemba 9. Miles City.

Nyuzi 71 za Fahrenheit, joto la kadiri. Upepo. Nimeipima kabari kwenye mizani ya jikoni: ratili 4 na wakia 2.

Ijumaa, Septemba 12. Kando ya Mto Yellowstone.

Mvua imenifungia ndani, nikasoma daftari la kabari tangu Maine. Nimelisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na penseli.

Wabebaji kumi na saba wamenitangulia. Kila gari lina kikomo chake, kimebandikwa kwenye ukingo wa mlango na kiwanda. Nimetoa uzito ulioandikwa kwenye kikomo cha kila mmoja. Huyu yuko chini kwa ratili 40. Huyu 25. Huyu 90. Huyu 15. Wote kumi na saba wako chini ya kikomo, na hakuna hata mmoja aliye chini kwa zaidi ya 95. Mimi niko chini kwa 2,780, na gari langu lina magurudumu manne nyuma.

Namba za kweli hazipangi foleni hivyo. Ukipima samaki kumi na saba ukakuta wote wana uzito mmoja, ujue kuna mtu hakupima samaki.

Jumamosi, Septemba 13.

Nimempigia Wendell.

"Ardis, mpenzi, kwema? Kabari imekukosea nini?"

"Hii 9,880 umeitoa mizani gani?"

"Mizani gani tena? Nimejumlisha. Karatasi ya gari inasema gari lina kiasi gani, karatasi ya nyumba inasema nyumba ina kiasi gani. Hesabu ya darasa la tatu."

"Karatasi ya nyumba ni nyumba tupu, Wendell. Haina maji. Haina betri. Haina gesi. Haina mkeo."

"Hilo la mwisho usimwambie."

"Umewahi kulipandisha gari lako kwenye mizani, hata mara moja?"

"Kwani nani anapanda? Sote tunajumlisha hivyohivyo. Mbona hakuna aliyeanguka?"

Kwa hiyo si waongo. Ningependa wawe waongo, mwongo anajua anachoficha. Hawa wanateremka milima juu ya jumla ya karatasi mbili.

Jumamosi, Septemba 20. Lolo.

Nimefika jana, siku moja kabla. Orval hayupo. Ujumbe kwenye simu: "Wiki ijayo. Samahani. O."

Theluji iko kileleni tu, kuanzia futi 8,900 juu ya usawa wa bahari. Nina ramani ya miinuko na darubini. Mabega ya mlima huu nayajua kama ngazi za nyumbani kwangu. Njia ya kuvukia Idaho iko futi 5,235.

Ijumaa, Septemba 26.

"Wiki ijayo. O."

Alhamisi, Oktoba 2.

Nyuzi 34 asubuhi. Theluji futi 8,000.

Roxanne Birdsall, mwenyekiti, kapiga simu. Anasema kabari inatakiwa ifike baharini kabla ya Novemba 5. Nikamwambia mimi niko hapa nilipoambiwa niwe, siku kumi na tatu sasa.

"Orval hajawahi kuchelewa maishani mwake," akasema. "Hukumwambia neno, kweli? Unajua ulimi wako."

Ulimi wangu. Nimekaa siku kumi na tatu nikila maharage na pilipili, nikilinda gogo la watu, na lililopungua ni adabu yangu.

Jumanne, Oktoba 7.

Futi 7,300. Kambi imefunga bomba la maji kwa ajili ya majira ya baridi. Mbele yetu kambi zote za mlimani zimefunga pia. Kutoka hapa hadi Lewiston ni maili 200 bila bomba, isipokuwa lile la kituo cha mafuta hapa kijijini. Ndiyo maana watu wetu wana sheria moja ambayo hakuna kamati iliyoiandika: ukiona bomba liko wazi, jaza. Nimejaza.

Tulikuwa magari sita kambini. Tumebaki mawili.

Jumamosi, Oktoba 11.

"Wiki ijayo. O." Futi 6,800.

Saa tano asubuhi gari la kuvuta limeteremka kutoka mlimani. Juu yake nyumba ya mgongoni iliyopasuka ubavu mzima, imelala kama mbwa aliyegongwa. Si ya chama, nimesoma namba. Mapazia bado yalikuwa yananing'inia, ya maua ya njano. Birika lilikuwa bado limefungwa kwenye jiko kwa kamba ya mpira. Mtu alilifunga vizuri lisimwagike.

Nilimuuliza dereva wa gari la kuvuta kulikuwa na nini. Akasema, "Tairi la nyuma, mama. Likipasuka kwenye kona, basi." Watu je? Akawa anatazama minyororo yake. "Mimi navuta vyuma tu."

Jirani yangu wa gari la pili kambini alifungasha mchana huohuo akarudi mashariki. Nimebaki peke yangu.

Jumatano, Oktoba 15.

Nyuzi 22. Futi 6,100. Mto umeanza kuganda kingoni.

Nimeamua akinitumia tena "wiki ijayo" nitageuza gari, kabari nimpelekee Roxanne mlangoni, anivue uanachama mbele ya majirani zake. Hakutuma kitu.

Jumamosi, Oktoba 18.

Wamekuja. Nililiona gari kabla ya kumwona mtu. Lilikuwa limekaa kwa makalio, taa za mbele zinatazama vilele vya miti. Matairi ya nyuma yametumbuka pembeni kama mashavu ya mpiga tarumbeta.

Orval kashuka. Nilimwacha mtu mnene mwenye kicheko. Aliyeshuka suruali yake imekunjwa mara mbili kiunoni. "Bibi Mizani," akasema. "Bado hai."

"Siku ishirini na nane, Orval."

"Najua kuhesabu."

Nilikuwa na maneno ya siku ishirini na nane mdomoni, na nisingemeza hata moja. Ndipo mlango wa abiria ukafunguka, akateremka mkewe Lavonne, ngazi kwa ngazi, na mrija wa plastiki puani, na mrija huo unarudi ndani ya gari mpaka mwisho nisiouona. Alikuwa mpishi wa shule. Zamani alibeba sufuria la watoto mia mbili peke yake. Sasa mkono wake una upana wa kijiko chake.

"Usimgombeze, Ardis," akasema, akipumua katikati ya maneno. "Nilikuwa hospitali. Nilimkataza kusema. Mngejua, mngeipitisha kabari kwingine."

Nikayameza yote.

Jumapili, Oktoba 19.

Futi 5,500. Nimewaambia mizani kwanza, kabari baadaye. Orval akabisha njia nzima hadi kituo cha malori.

"Nimeendesha basi miaka arobaini. Sijawahi kuangusha mtoto."

"Hajawahi kuangusha mtoto," Lavonne akasema kutoka dirishani, "lakini mimi aliwahi kunisahau kituo cha mafuta. Maili sitini."

"Hamsini na tano."

"Alipogundua alikuwa ananiomba kahawa."

Tikiti ya mizani ninayo hapa. Mbele 3,770. Nyuma 7,870. Jumla 11,640. Kikomo cha jumla ni 10,000. Cha ekseli ya nyuma, mhimili wa magurudumu ya nyuma, 6,500. Nyuma amezidi kwa 1,370. Matairi mawili ya nyuma yameandikwa uwezo wa 6,830 yakiwa pamoja, nayo yana 1,040 juu yake. Kwenye orodha ya Roxanne kaandikisha 9,940.

Nikampa tikiti. Akaitazama kama barua ya benki, kisha akaikunja mara nne.

"Kwa hiyo kabari hutoi."

"Sitoi."

"Utasoma na kwa kipaza sauti?"

Akapanda gari, akaubamiza mlango, nyumba nzima ikayumba juu yake, kushoto, kulia, kushoto, na ikachukua muda kutulia.

Jumatatu, Oktoba 20.

Nimelala vibaya. Asubuhi Lavonne kaniita ndani mwao, Orval kaenda kutafuta minyororo ya magurudumu. Kanitengenezea kahawa akiwa ameketi, akinielekeza kikombe kiko wapi.

"Fungua hilo sanduku chini ya kitanda," akasema.

Betri nne, kila moja ratili 63. Nikapiga hesabu kabla sijafunga kifuniko: 252.

"Hizo ni pumzi zangu. Mashine ya hewa inataka umeme usiku na mchana. Na lile jenereta ni kama betri zikikataa. Na ile mitungi ni kama jenereta likikataa. Kila daktari akimwambia neno moja, Orval anapakia kitu kimoja."

Nikasema, "Kwa nini mlima huu, Lavonne? Kwa nini sasa?"

"Miaka ishirini na miwili tumo chamani. Kila safari tunasema awamu ijayo. Nataka jina langu liwe kwenye ule mti, na nilibebe mwenyewe ng'ambo ya mlima, si kupiga nalo picha hapa kwenye kituo cha mafuta. Daktari alinipa hadi theluji." Akacheka kidogo, mrija ukatoa sauti ya filimbi. "Nilimuuliza, theluji ya futi ngapi?"

Miaka minne nimemchukia mtu yule kwa kicheko kimoja. Nilidhani uzito wake ni majivuno, ni meko ya nje na televisheni mbili. Kumbe kila ratili iliyozidi ina jina la mtu mmoja.

Lakini tairi halijui jina la mtu. Orval aliporudi nikamwambia: tunashusha, ninabeba mimi, tunavuka pamoja, nitakuwa nyuma yako. Hakubisha. Akasema tu, "Kwenye karatasi yote ilikuwa inatosha."

Tumeshusha: maji yote, 334, tumeyamwaga. Jenereta 98. Sanduku la zana na kila kilichomo, 140. Vyakula vya makopo 75. Jiko la nje 52. Betri mbili, 126, maana safari ya mchana mmoja inahitaji mbili tu. Jumla 825. Maji yamekwenda mtaroni, mengine yote kwangu. Gari langu sasa lina 11,711, bado lina nafasi. Lake nyuma limebaki na 545 juu ya kikomo cha ekseli. Si salama. Ila si kaburi. Nimepima kutoka chini hadi bampa la nyuma: inchi 24 na nusu.

Nimeandika daftarini uzito wa kweli, tarakimu zote, na nimetia sahihi. Orval katazama. Lavonne kachoma jina lake mwenyewe. Orval kamshika kiwiko tu. Herufi ya mwisho imepinda. Nikamkabidhi kabari mkononi.

Mvua ya barafu inatabiriwa kesho mchana. Tunatoka saa moja asubuhi.

Jumanne, Oktoba 21, naandika tarehe 22. Lewiston, Idaho.

Niandike polepole.

Tulitoka saa moja na robo. Nyuzi 19. Nilisimama kijijini kufunga minyororo yangu vizuri, Orval akatangulia hadi kituo cha mafuta, dakika kumi hivi, nikamkuta barabarani. Theluji ilikuwa imeshapita futi 5,235 na kushuka chini yake. Miti yote myeupe.

Kwenye maili ya kumi ya mpando, nikiwa nyuma yake, niliona taa zake za nyuma ziko chini. Nikajiambia ni barabara. Nikajiambia ni macho ya miaka sitini na sita. Nikashika redio ya kuzungumzia.

"Orval, gari linakwendaje?"

"Shwari, Bibi Mizani. Linapanda kama mbuzi."

"Umepakia kitu?"

"Sijapakia hata sindano."

Nikanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kosa langu la kwanza. Juu kabisa, penye nafasi ya kupumzikia, nilishuka na futi yangu ya chuma. Inchi 23 kasoro robo.

"Ulifanya nini kule kituoni?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Bomba lilikuwa wazi," akasema. "Nikajaza."

Ratili 334 za maji, juu na nyuma ya ekseli. Hakupakia kitu, kwa kweli hakupakia. Maji kwa watu wetu si mzigo, ni kama kuvuta pumzi. Nami ningejaza. Tarehe 7 nilijaza.

Nikalala chini ya gari kufungua koki ya kumwagia. Imeganda. Nikasema tuchemshe birika tuiyeyushe. Hapo mtu wa barabara akaja na gari lake la njano, akateremsha kioo: "Mama, nafunga lango la nyuma yenu sasa hivi, na tufani iko dakika ishirini. Ama shukeni ama mlale hapa, na hapa hakuna atakayewafikia mpaka kesho." Lavonne alikuwa na betri mbili, zimebaki asilimia 61; hata na mbili zilizo kwangu zisingefika asubuhi, na jenereta si la kutegemea kwenye tufani. Kulala haikuwezekana, wala kurudi.

"Gia ya kwanza," nikamwambia Orval. "Maili kumi na tano kwa saa. Usikanyage breki na kuganda nayo; kanyaga, achia."

"Unanifundisha mimi kuteremka?"

"Leo ndiyo."

Maili tatu za mwanzo alikwenda vizuri. Ya nne ikawa na kona tatu mfululizo na barafu nyeusi, ile isiyoonekana juu ya lami. Nikaona taa zake nyekundu zimewaka, na hazizimi. Kanyaga, achia, nikawa nasema peke yangu. Hazizimi. Kisha harufu ikaingia hadi ndani kwangu, harufu ya karakana, ya jiwe la kunolea lililoshikwa sana.

Akapata nafasi kando ya barabara, upande wa mto, akasimama. Mto uko chini, futi mia hivi. Akavuta breki ya mkono, akashuka kwenda kutazama magurudumu yanayotoa moshi. Mimi nikasimama nyuma, nikashuka pia, nikapita upande wa Lavonne. Alikuwa na kabari magotini, juu ya blanketi.

Gari likasogea.

Lilisogea upana wa kiganja, bila sauti, likasimama. Likasogea tena. Breki zenye moto hazikamati, na chini ni kioo. Orval akakimbilia mbele akaliwekea mikono kwenye boneti. Mzee wa miaka sabini na nne, anazuia ratili elfu kumi na moja kwa viganja.

"Toka hapo!" nikapiga kelele. Hakutoka.

Kabari zake za plastiki, zile za kazi, zilikuwa wapi? Ndani ya sanduku la zana. Sanduku la zana lilikuwa gari gani? Langu. Nani alilihamisha? Zilikuwa hatua thelathini, na mimi sina magoti ya hatua thelathini.

Kioo cha Lavonne kikashuka. Hakupaza sauti, hana pumzi ya kupaza. Akautoa mkono wenye kabari nje ya dirisha.

"Ardis. Shika."

Nikaishika. Nikaanguka magoti kwenye barafu, nikaisukuma mbele ya gurudumu la nyuma la kulia, nikaipiga teke kwa kisigino. Gurudumu likapanda juu yake. Mwaloni ukalia. Kipande cha ubavuni kikaruka kikanipita sikioni. Gurudumu likapanda inchi nyingine, nikaona majina yanaingia chini ya mpira, moja baada ya jingine, na nikawa nasubiri.

Likasimama.

Orval alikuwa bado amelikumbatia boneti, viatu vyake inchi nane kutoka ukingoni. Nilipima baadaye.

Nilileta kabari zake nikaweka zote mbili. Nilichemsha birika mara tatu, nikaimwagia koki hadi ikakubali, maji yote ratili 334 yakaenda mtaroni. Breki zilichukua dakika hamsini kupoa. Betri za Lavonne zilifika asilimia 22. Nikamrudishia mbili zake, nikaziunganisha mwenyewe kwa vidole nisivyovihisi. Theluji ilikuwa inaanguka kwa wima sasa, nzito, kila alama ya magurudumu nyuma yetu imeshafutika.

Kabari ilikuwa imeganda kwenye barabara. Tuliichomoa kwa nyundo, kibanzi kimoja kikabaki kule. Orval akaishika, alama ya tairi imekatiza katikati ya majina, akajaribu kuifuta kwa mkono wa koti, kama matope.

"Acha," mkewe akamwambia. "Ilikuwa kazini."

Ilituchukua saa tano na nusu kufika Lewiston. Kibao kilisema kona kwa maili tisini na tisa. Nilizihesabu taa zake za nyuma kwenye kila moja. Ziliwaka, zikazima. Ziliwaka, zikazima.

Alhamisi, Oktoba 23. Lewiston.

Lavonne analala. Orval kanipikia mayai na viazi bila kuombwa. Kabari: ratili 3 na wakia 14.

Roxanne kapiga simu. "Nasikia imepasuka. Nasikia imewekwa chini ya gurudumu. Ardis, kuna sheria moja tu."

"Zilikuwa tatu."

"Kamati italazimika kukutana."

"Ikutane mizanini."

Nimewapigia wabebaji wote kumi na saba. Kumi hawakupokea. Wanne wamecheka. Watatu wamekwenda kupima: mmoja amezidi 410, mwingine 890. Wa tatu ni Wendell. Kanitumia picha ya tikiti bila maneno. 1,255. Alinifikia Glendive nayo, upepo ukimsukuma kwa nyuma.

Jumatatu, Oktoba 27. Lewiston.

Mpokeaji wa hapa kafika saa nne, Kip Dandridge wa Walla Walla, kijana kwetu, miaka thelathini na minane, na mkewe mjamzito. Nyumba yao ni mpya, ina vyumba viwili vinavyochomoza pembeni kama droo. Kaandikisha 11,480. Kikomo 11,500. Ratili ishirini.

Nilitazama matairi yake. Nimechoka kuwa mimi ninayesema.

Kip akanyoosha mkono kwa Lavonne, aliyekuwa ameketi juani na blanketi. "Haya, mama, nipokee hiyo historia."

Orval akaingia katikati. "Kwanza mizani," akasema.

Kip akacheka, akanigeukia mimi. "Huyu ndiye Bibi Mizani? Kakuambukiza na wewe, mzee? Kwani hamniamini?"

Orval akaichukua kabari magotini kwa mkewe, akaigeuza ili upande wenye alama ya tairi umtazame kijana, akaishikilia hapo. Kip akaendelea kutabasamu kwa muda, kisha akaacha. Mkewe akasogea akagusa majina yaliyopondwa kwa kidole, akauliza taratibu mizani iko wapi.

Wamerudi sasa hivi. Kip kashuka na tikiti, haijakunjwa, kaishika kwa vidole viwili. Amezidi kwa 1,610. Mlima ulio mbele yake una futi 4,193. Asubuhi ya leo, kwa darubini, theluji iko futi 4,400.

Orval anamwonyesha koki ya maji ilipo. Kabari imerudi magotini kwa Lavonne, mikono yake miwili iko juu yake, na hajamnyooshea mtu.